Mivuto Miwili

Baba yangu alikuwa mchimba visima.
Nala, Zuzu, hadi Mlowa,
mtu akishikwa na kiu ya kudumu alimwita Ndahani,
naye alifika na sururu, karai, na mimi.
Mimi nilikuwa wa kamba.
Watu walisema kamba si kazi ya binti.
Baba alisema, binti huyu hasinzii.

Mvuto mmoja: leta karai.
Miwili: nipandishe.
Mitatu: usiulize, piga yowe, ita watu.
Mitatu sikuwahi kuipata,
ila usiku viganja vyangu viliisubiri.

Mwaka ule mjomba Chibago akatuita Wotta,
juu kabisa milimani Mpwapwa, anaoza binti.
Tulipanda lori la vitunguu likirudi tupu,
mama, baba, mimi, na Lechipya
na chupa yake ya lita moja
aliyoitundika shingoni kama hirizi.
Vumbi la Dodoma lilitusindikiza mbali,
kisha likatuacha njiani
kama mgeni aliyekumbuka kazi kwake.

Kesho ya harusi mjomba akasema,
njooni muone maji yanakotoka.

Jua, jirani yetu wa kila siku,
halikuvuka kizingiti cha msitu ule.
Kila kitu kilikuwa kimepanda juu ya kitu:
kuvu juu ya gome, mkangaga juu ya kuvu,
mti mzima umekaa mabegani mwa mti mwingine.
Matone yalidondoka na mvua hainyeshi.
"Nani kaacha bomba wazi?" aliuliza Lechipya,
mjomba akacheka hadi mbega wakahama tawi.

Kwenye kijito, mtoto akafungua chupa
akaimwaga chini. Yote.
Kofi la mama lilifika kabla ya mama.
Kisha akautazama mkono wake,
akayatazama maji yanayopita
bila foleni, bila dumu, bila wa kuyalipia,
akaketi kwenye majani mabichi
akicheka kicheko chenye kwikwi:
"Nimempiga mtoto kwa ajili ya maji,
kando ya maji."
Hatukumjibu.
Lechipya aliijaza chupa, akampa anywe.

Mbele kulikuwa na gogo moja,
lenye utelezi, na korongo chini yake.
Mjomba alivuka kama anayekwenda uani.
Mama akavuka, mtoto mgongoni.
"Mgogo juu ya gogo!" mjomba alitania ng'ambo.
Nikageuka.

Baba alikuwa amesimama.
Ndahani wa futi sitini,
anayeshuka gizani akipiga mluzi,
niliyedhani hofu humpigia hodi kwanza,
midomo imemkauka katikati ya unyevu wote ule.
Na hakuwa akitazama chini. Alitazama juu.

"Sioni mbingu," alisema polepole.
"Kisimani huwa naiona.
Kiduara tu, kama sarafu.
Na wewe pembeni yake."

Akanishika mkono,
akaubana mara mbili.

Sikuuliza. Lugha ile niliijua.
Nilitangulia, mkono nyuma,
unyayo ukiutafuta unyayo,
na katikati ya gogo nikatambua
kwamba miaka miwili nimempandisha kwa roda
wala sikuwahi kusikia uzito wake.

Ng'ambo alijipangusa magoti, ambayo hayakuchafuka.
Mama alimsifu mbega kwa sauti kubwa.

Tuliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa Nala,
udongo mwekundu, mgumu kama deni.
Baba akajifunga kamba kiunoni,
akaketi ukingoni, miguu shimoni,
kisha, kana kwamba ananiagiza kiberiti:
"Nawe ukiogopa, vuta."

Sikuwa nimewahi kufikiri
kwamba kamba ina ncha mbili.

Nilivuta siku hiyohiyo, saa sita,
bila sababu ya maana.
Mluzi ukakoma.
Akajibu.